Nilimpa mtoto namba yangu, sasa ananibipu usiku

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma barua za watu kwako tangu niko chuo, tukiwa bwenini tunacheka matatizo ya wenzetu. Leo zamu imeniangukia mimi na sina hamu ya kucheka.

Nina miaka 27, nimeolewa, tuna binti mmoja wa miaka mitatu, tunakaa Buhongwa. Nina stashahada ya ustawi wa jamii. Huu ni mwaka wa pili niko kwenye kituo cha simu cha shirika moja hapa Mwanza. Tunapokea simu za watoto wanaofanyiwa ukatili na za watu wazima wanaotoa taarifa. Jina la shirika naomba libaki kwangu. Tuko tisa kwa zamu mbili, ya mchana na ya usiku, saa 2 hadi saa 2.

Mkataba wangu umeandikwa "mhudumu wa simu". Zamani ilikuwa kweli. Nikipokea simu najaza fomu, namkabidhi afisa kesi, na yeye ndiye anayehangaika na ustawi wa jamii wa halmashauri na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi mpaka kesi ifungwe. Mwezi wa tatu yule dada alipata kazi Dodoma akaondoka, na nafasi yake mpaka leo iko wazi. Tukaambiwa kila mtu afuatilie kesi zake mwenyewe. Ijumaa tunazungushwa mashuleni kutangaza namba. Mwisho wa mwezi najumlisha takwimu za mfadhili, kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua kompyuta kidogo. Mshahara ni uleule.

Msimamizi wetu ni kaka mmoja mwenye adabu zake, simsemi vibaya. Alitoka huduma kwa wateja ya kampuni moja ya simu akaja na mtindo wa huko. Kuna skrini ukutani. Simu yako ikifika dakika 8 jina lako linageuka jekundu. Jumatatu majina yanaandikwa ubaoni, na mwenye simu ndefu kuliko wote ananunulia wenzake soda. Simu ya kimya tunakata baada ya sekunde 30. Yeye anaweza kuingia kwenye laini akasikiliza bila wewe kujua. Katika miaka miwili hajawahi kuniuliza nilisikia nini.

Sasa kilichonitokea. Ilikuwa usiku kama saa 5, simu ikaingia, kimya. Nyuma nasikia upepo, na bati linagongagonga. Nikasema karibu, hakuna jibu. Nilitakiwa kukata. Mwenzangu alikuwa amesinzia, mezani kuna chai yangu imepoa. Sijui kwa nini sikukata, nikaanza tu kuongea: mimi ni nani, niko wapi, nimekaa na chai imeshapoa na siwezi kuinuka kuipasha. Kama dakika ya nne hivi, sauti ndogo ikauliza, "Anti, ya maziwa au ya rangi?"

Shangazi, tuliongea dakika 52. Ni binti wa miaka [umri nimeuondoa – Shangazi], yatima, anaishi kwa mjomba wake kwenye mwalo wa [nimeondoa], kazi yake kuanika dagaa. Anayofanyiwa na huyo mjomba sitayaandika. Alikuwa amejificha nyuma ya banda na kitochi cha jirani. Mwishoni akaniuliza, "Nikipiga kesho utapokea wewe?" Sikuweza kumwahidi, kesho yake sikuwa zamu ya usiku na kituo hakitupi vocha ya kumpigia mtoto. Nikampa namba yangu.

Jumatatu nikanunua soda. Jumanne nikapewa barua ya onyo, "kukalia laini kupita kiasi". Hawajui habari ya namba.

Tangu hapo ananibipu. Natoka nje nampigia, narudi ndani nimejifanya nilikuwa chooni. Nimemsevu "Mama Dagaa". Mume wangu ameiona hiyo Mama Dagaa inaita saa 7 usiku na ameanza kuninunia. Nimemtumia mtoto vocha mara mbili, kupitia namba ya huyo jirani. Kwenye mfumo sijaandika chochote zaidi ya fomu ya siku ya kwanza, maana nikiandika itajulikana tunaongeaje. Nilijaribu kumpigia mtendaji wa kijiji. Akanijibu kwamba huyo mzee ni mtu mwema, ana mitumbwi [idadi nimeiondoa], ndiye aliyechangia choo cha shule. Nikaogopa, nikakata.

Kuna kitu nimekigundua. Nimeweka alama kwenye kalenda ya ukutani: huyu mtoto anabipu siku za giza, wanaume wakiwa ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikianza, dagaa hawavuliki, wavuvi wanakaa nchi kavu, na yeye ananyamaza kabisa. Shangazi, mwezi unakua. Usiku wa kuamkia leo umeshafika nusu.

Na mimi siko sawa. Bati la jirani likigonga moyo unanilipuka. Juzi shemeji yangu alimbeba binti yangu, kama anavyombeba siku zote, nikamnyang'anya mbele za watu. Nyumba nzima ilinyamaza.

Niwaambie kazini nikafukuzwe? Au niandike barua ya kuacha kazi, nibadilishe laini, nimsahau? Na je, hii soda ni halali?

Ni mimi, Mhudumu wa Simu

*

Marahaba mwanangu.

Wasomaji wajue kwamba barua hii sikungoja niijibu hapa. Niliposoma pale kwenye mwezi nilimpigia mwandishi palepale, na siku hiyohiyo alifanya yaliyotakiwa kufanywa. Mtoto yuko mahali pengine, na wanaohusika kisheria wanaendelea. Zaidi ya hapo sisemi neno. Barua imetoka kwa ridhaa yake baada ya kubadilisha vitu kadhaa, na jambo linalobaki linawahusu wengi wanaofanya kazi kama yake, ndiyo maana naijibu kwa kirefu.

Nianze na mabano yangu. Uliniandikia umri wa mtoto, jina la mwalo na idadi ya mitumbwi ya mjomba. Mimi ni mtu wa safu, mwanangu, hunijui. Mwalo mdogo una mitumbwi ya kuhesabika, na ningechapisha kama ulivyoandika, kabla ya jua kutua pwani nzima ingejua ni nyumba gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Najua unaifahamu kanuni ya usiri, uliifanyia mtihani. Uliivunja kwa sababu mzigo ulikuzidi na ofisini hapakuwa na mlango wa kuupeleka, ukamwaga kwa mpita njia. Bahati yako mpita njia alikuwa mimi.

Namba ulikosea kuitoa. Sikufichi, na sitaki wasomaji waniandikie kwamba ulifanya jambo la huruma. La huruma lilikuwa. Lakini tazama lilizaa nini. Mtoto aliyekuwa na kituo kizima, chenye mtu macho usiku na mchana, akabaki na mtu mmoja mwenye mtoto mdogo, mume anayenuna na simu inayoisha chaji. Siku akibipu wewe umelala, ameshindwa kabisa, na atajua moyoni kwamba hata huyu naye amemwacha. Mazungumzo yote muhimu yakafanyika uani kwako na hayakuandikwa popote. Kesi ikifika mahakamani, wakili wa mjomba akiuliza nani alizungumza na mtoto mara tano na akamtumia vocha mbili, utajibu nini? Na hizo vocha zilipita kwenye kitochi cha jirani. Ulijuaje kwamba jirani si shemeji wa mjomba?

Kuhusu mtendaji, kisheria hukwenda kombo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa serikali ya mitaa ya eneo hilo, na mtendaji ni serikali ya mitaa. Kilichokukwaza ni jiografia ya mwalo. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwenye kata za ziwani miaka mingi kabla ya kuanza kuandika hapa, na nakwambia: mwaloni mwenye mitumbwi kadhaa anawalisha watu wengi. Anakopesha nyavu, anachangia misiba, kamati ya wavuvi inakaa kwenye kivuli cha nyumba yake. Kuna watendaji hodari sana visiwani, lakini wewe ulimpigia mtu usiyemjua kwa namba ya mtu binafsi, bila barua, bila cheo. Kwa kesi ya namna hii unaruka ngazi, unakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na hatari ikiwa ni ya usiku huu unaanza na polisi. Na hii haikuwa kazi yako. Ilikuwa ya yule dada wa Dodoma.

Hapa ndipo nilipokaa na barua yako muda mrefu.

Watu wengi wanadhani kituo cha simu ni watu wenye hedfoni basi. Kinachofanya kituo kisimame ni kwamba kazi zimegawanywa, na kila mtu anajua inaishia wapi. Wewe mpokea simu kazi yako ni sikio. Unamsikiliza mtoto, unampa nafasi atulie, unapima kama yuko hatarini sasa hivi, unaandika maneno yake kama alivyoyasema bila kuyapamba, halafu unakabidhi. Afisa kesi ni miguu: yeye ndiye anayejua afisa gani wa halmashauri anapokea simu na yupi anataka barua, boti inaondoka saa ngapi, ni familia gani ya kuaminika inayoweza kumpokea mtoto leo. Msimamizi wa zamu anakaa chumba hichohicho, macho, na uamuzi mzito unaufanya pamoja naye. Ukiinua mkono anakuja kusimama nyuma yako. Usiku ule ulikuwa na mwenzako aliyesinzia na skrini. Hapo hapakuwa na msimamizi, hata kama kwenye ratiba jina lake lipo.

Alipoondoka afisa kesi wakawaambia kila mtu abebe kesi zake. Inasikika kama jambo dogo la ofisi. Matokeo yake ni kwamba sikio limeambiwa litembee. Mtu aliyemsikia mtoto akilia ndiye huyohuyo anayetakiwa, kesho yake, kubishana na mtendaji kwa sauti ya kiofisi. Wengi hawawezi, na wanaoweza wanafanya kama ulivyofanya, wanaigeuza kesi kuwa ndugu yao.

Wenzetu wa Marekani, ambako majimbo mengi yana laini ya serikali ya kupokea taarifa za ukatili dhidi ya watoto, wanalitenganisha hili kwa nguvu sana. Anayepokea simu anaandika na kupendekeza kama taarifa iendelee kuchunguzwa au la. Mara nyingi msimamizi anaipitia kabla haijatoka. Anayekwenda kugonga mlango wa nyumba ni mtu mwingine kabisa. Laini zile zaidi ni za watu wazima, walimu na wauguzi. Yenu inapokea mtoto mwenyewe, kwa hiyo sisemi muige kila kitu. Lakini ule ukuta kati ya anayesikia na anayekwenda, waliujenga kwa sababu.

Nije kwa msimamizi wako, na hapa nitamtetea kidogo, usikasirike. Dakika si jambo la kipuuzi. Uingereza walipofungua ChildLine, laini yao ya simu ya watoto, Oktoba 1986, usiku wa kwanza inasimuliwa watoto walijaribu kupiga kama mara 50,000. Hakuna chumba chenye masikio ya kutosha kwa hilo. Wewe ulipokuwa dakika ya 40 na binti wa mwaloni, huenda kuna mtoto Igoma aliyepata mlio wa laini ina shughuli. Kiongozi asiyejua simu zinachukua muda gani hawezi kuomba mtu wa tatu wa usiku. Kwa hiyo skrini abaki nayo.

Kosa lake ni kwamba alipoona dakika 52 aliandika barua badala ya kuvuta kiti. Swali moja tu, "ilikuwaje ile simu?", lingefungua kila kitu: namba, hofu, mwalo, na baadaye mwezi. Angalia kalenda yako ilivyofanya kazi. Hakuna ripoti ya mfadhili ingeonyesha kwamba mtoto ananyamaza mbalamwezi kwa sababu anayemuumiza yuko nyumbani. Wewe uliliona kwa kuwa umekulia ukanda huu. Maarifa hayo yalikaa kwenye ukuta wa jikoni wakati yangekuwa kwenye faili tangu wiki ya kwanza. Kaka yetu alijifunza kazi mahali ambapo simu ndefu ni hasara na mteja akinyamaza amekata. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha kwamba hapa ni kinyume. Yeye naye hana msimamizi, ukitazama vizuri.

Mimi nilibahatika. Bosi wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene, mkali kwa nauli na mafuta ya pikipiki hata tulimwogopa. Lakini Ijumaa saa 9 alasiri alikuwa anatuita mmojammoja, anafunga mlango, anamimina chai kutoka kwenye chupa yenye maua, na anauliza: "Wiki hii umembeba nani?" Hakuuliza umefunga kesi ngapi, hizo alishazihesabu asubuhi. Kuna Ijumaa nilimjibu, nikalia, akanipa leso yake, halafu kabla sijatoka akanisomea makosa matatu ya faili langu bila huruma. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba mambo yale matatu, kukagua kazi, kukufundisha na kukushikilia usianguke, ndiyo usimamizi wenyewe kama unavyofundishwa kwenye fani yetu. Ninyi mmepewa theluthi moja, na hiyo theluthi ni skrini.

Kwa hiyo hiki ndicho unachokwenda kukiomba, kwa maandishi. Mosi na la haraka, afisa kesi aajiriwe, au hata mmoja wenu ateuliwe kwa mkataba mpya na atolewe kwenye simu. Halafu muda wa kukaa na mtu wa fani, angalau mara moja kwa wiki mbili, kujadili kesi nzito, na ikiwezekana asiwe yule anayeandika barua za onyo, maana hakuna atakayemwambia ukweli mtu anayeshika kalamu ya kumfukuza. Kama shirika halina, Mwanza ina wanasihi na maafisa ustawi wastaafu ambao wangeifanya kazi hii kwa posho ndogo. Na usikilizaji wa simu uwe wa wazi: mjue lini mnasikilizwa, na baada ya kusikiliza akae nanyi. Kuhusu vocha ya kumpigia mtoto aliyekatikiwa simu, hilo hata halihitaji mjadala.

Zile sekunde 30 nazo zina hadithi yake. Simu za kimya zinaudhi, na za mzaha zinaudhi zaidi. Nimekaa kwenye meza ya simu, nawajua watoto wa shule wanaopiga kundi zima wakicheka. Lakini utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini 2009, matokeo yakatolewa 2011, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 wamepitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto hao wako darasani, wako mwaloni. Mtoto wa namna hiyo hapigi simu akasema "habari, naomba kuripoti". Anapima kwanza sauti yako ikoje. Wengine wanapiga kama mzaha, wanatukana, wanakata, na mara ya tano wanasema. Wavulana hasa ndivyo walivyo. Wewe ulimpa dakika nne za chai iliyopoa, na mtoto akaingia kwa mlango wa chai. Hiyo ningeipeleka kwenye mafunzo ya wapokea simu wapya kama ilivyo.

Kuhusu kuwaambia kazini: umeshawaambia, kwa sababu nilikusukuma, lakini niwaandikie na wengine walio kwenye hali hiyo. Unasema leo, haungoji mpaka ugunduliwe. Unaandika ukurasa mmoja: tarehe za simu zote, nani alianza, kilichosemwa, vocha uliyotuma, mtendaji uliyempigia. Usijitetee ndani ya huo ukurasa, utetezi una siku yake. Mtu aliyejisema mwenyewe na kukabidhi kumbukumbu ni tofauti sana na aliyefumwa. Inawezekana wakakuadhibu. Hata hivyo kabla ya kukufukuza mwajiri anapaswa kukusikiliza na kuwa na sababu halali, na usipotendewa haki Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, ila siku 30 tangu kufukuzwa zisikupite.

Laini usiibadilishe. Wengi wanakimbilia hapo na ndiyo ukatili wa mwisho anaofanyiwa mtoto. Mtoto anaagwa. Anapigiwa kutoka kituoni, afisa akiwa pembeni, unamwambia kwa maneno yake kwamba simu yako ya nyumbani haitatumika tena, na kwamba hukukasirika. Unampa namba ya kituo, na ile 116 ya kitaifa ambayo haina malipo. Halafu mnachagua neno moja ambalo akilisema, yeyote atakayepokea ajue ni nani bila kumwanzisha upya hadithi yake. Mwache achague mwenyewe. Wako alichagua neno zuri sana, nalo sitalitaja, kama yale niliyoyaondoa kwenye mabano.

Sasa wewe. Bati, shemeji, moyo kulipuka. Hujawa kichaa, na mume wako usimwache aendelee kudhani kuna Mama Dagaa mwenye ndevu. Mwambie kazini umebeba mtoto wa mtu mpaka ukamleta nyumbani. Kisa usimsimulie, jina usilitaje, hali yako mwambie. Mtu anayesikiliza maumivu ya watoto usiku kucha, kichwa chake kinaanza kuona hatari kila mahali, na hili linawapata hata wazoefu. Shemeji mwombe radhi kwa kifupi. Huna deni la maelezo marefu, lakini ile nyumba ilinyamaza na mtu lazima aivunje hiyo kimya. Na muone mnasihi mara kadhaa. Hospitali kubwa zenye kitengo cha afya ya akili hazikosekani jijini.

Halafu angalia ratiba yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Mkizidi, kuna makubaliano ya maandishi au kuna malipo ya ziada. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, mapumziko ni dakika 60. Kati ya zamu na zamu ni saa 12. Chukua hati zako za mshahara za miezi sita, kaa na wenzako wanane, mhesabu. Msiende mmojammoja.

Kuacha kazi sikushauri mwezi huu. Mtu asiamue jambo hilo akiwa hajalala. Chukua likizo yako, unayo siku 28 kwa mwaka na nilipokuuliza ulisema hujagusa hata moja. Nenda Ukerewe kwa mama yako, ulale, ule sato, simu umwachie mumeo. Ukirudi na nafasi ya afisa kesi bado iko wazi, na kila mtu bado anabeba kesi zake, hapo niandikie tena, na huenda jibu langu likawa lingine.

Soda haina sheria yake, ni utani uliogeuka kuwa kiboko. Jumatatu wakikutajia, waambie Shangazi amesema hununui.